Kibuyu cha Mzee Gershomu

"Jicho huruhusu, tumbo huhukumu." Mmeisikia kwa muuza maziwa, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Mmefika kwa mwenyewe. Hakuna methali ya milima hii ambayo sijui chanzo chake, ila zile ninazoulizwa. Kwa hii mmebahatika tu, kwa kuwa nilikuwa jirani na ua wetu ulikuwa na matundu.

Methali hii ilianza hivi.

Huku kwetu kwenye baridi palikuwa na familia chache za Wayahudi, wakulima wa viazi kama sisi. Aliyewaongoza katika sala ni Mzee Gershomu Waithaka. Torati inawakataza kula wadudu, basi kila Ijumaa mzee alikaa mlangoni akiinua sukuma wiki kwenye jua, jani moja moja, mbele na nyuma. Alisema hajazaliwa mdudu wa kumpita, na hakuwa mtu wa kujipunguzia sifa.

Shida ilikuwa maji. Sabato hawawashi moto, hivyo Jumamosi walikunywa ya mtoni vilevile yalivyo. Watoto wakaanza kuharisha. Tirza, kitukuu cha mzee, aliharisha hadi macho yakazama. Mama yake, Hadasa, alikuwa amesomea mambo ya maabara na alifanya kazi zahanati. Alimnywesha maji ya chumvi na sukari mpaka akapata nafuu. Kisha akaazima hadubini, ile mashine ya kukuza vitu vidogo, akaiweka dirishani kwa babu yake na kutia humo tone la maji ya mto.

Mzee alifumba jicho moja, akachungulia. Alikaa hivyo hadi uji wake ukapoa.

"Wanaogelea," alisema.

"Ndio hao, Guka," Hadasa akamjibu babu yake. "Na wewe unawatafuta kwenye sukuma."

Habari ilienea upesi; mimi nilisaidia kidogo. Watu wakajaa uani. Wengine walisema kama wadudu ni haramu basi na maji ni haramu, tufe kwa kiu. Wengine wakataka mashine irudishwe ilikotoka, imekuja kuidhihaki Torati. Hadasa akawaambia kuwa mwanawe hatakunywa tena maji yale. Sabato ijayo atawasha moto palepale uani, anayetaka kumfukuza amfukuze. Hayakumtoka kwa urahisi, maana katika nyumba yao ya sala ndimo alimofundishwa kusoma, na mwalimu wake alikuwa mzee huyohuyo.

Gershomu aliwaacha wachoke. Kisha akasema, "Torati walipewa watu, na watu wana macho haya waliyozaliwa nayo. Kisichoonekana kwa jicho hakiharamishi maji. Maji ni halali."

Hadasa akainamisha kichwa.

"Sijamaliza, mama. Torati hiyohiyo inatuamuru tulinde uhai. Mtoto akizidiwa, hata Sabato tutawasha moto, na mimi ndiye nitakayeupuliza. Lakini kwa nini tungoje azidiwe? Jicho huruhusu, tumbo huhukumu. Ijumaa, kabla jua halijazama, kila nyumba ichemshe maji ya Sabato."

Ikawa hivyo. Ijumaa jioni moshi ulipanda kutoka kila mlango, na matumbo ya watoto yakatulia. Mzee peke yake alijitoa, watu wasije wakasema ameshindwa na mashine. Tumbo lake, alisema, limelelewa na mto, na ataunywa mto mpaka azikwe. Akaweka kibuyu chake kando ya kiti, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

Sabato moja baada ya sala, Tirza, ambaye sasa alikuwa na nguvu za kusumbua, alishikwa na kiu akakinyakua kibuyu kile. Hadasa aliruka kumzuia, akachelewa. Mtoto alikunywa, akalamba midomo, akafikiri.

"Guka, mbona maji yako ya mto yananuka moshi?"

Watu wote wakamgeukia mzee. Aliinua macho akayakagua mabati, bati moja moja, kama anayetafuta mdudu.

"Jicho huruhusu," alisema hatimaye, "tumbo huhukumu."