Pengo la Njiani

Paukwa!

Pakawa!

Aliyesinzia mwamsheni. Ngano hii haina mzaha.

Hapo zamani za kale palikuwa na mlima uliovaa miti. Wanyama wakaimaliza. Huyu alibandua maganda, yule aling'oa mizizi, mwingine alichoma moto apate nyasi changa. Kila mmoja akasema, "Mimi nimechukua kidogo tu." Mlima ukabaki upara. Mvua nazo zikaharibika. Jua liliwaka mpaka visima vikakauka, na mvua ikija, inakuja yote kwa mkupuo, inashuka na udongo.

Chini ya mlima, pale njia ya kisimani inapoishia, aliishi Mhanga, mla mchwa mwenye pua ndefu. Hakuna aliyemshinda kuchimba. Alikuwa na mwana mmoja tu. Jino lake la kwanza ndiyo kwanza lichomoze, basi wakamwita Kijino. Mhanga alimpenda yule mtoto, jamani, alimpenda!

Siku moja Mzee Ngiri akapiga mbiu. "Tutakwisha! Tuchimbe matuta ya kukinga maji, tupande miti juu yake. Kila mmoja na kipande chake."

Wakachimba. Tifu! Tifu! Wakaimba:

"Changu nachimba,
chako chimba!"

Matuta yakaungana, ila pale njia inapokatiza. Pale pakabaki wazi.

"Na hapa njiani?" Mhanga akauliza.

"Njia ni ya wote, Mama Kijino," Pimbi akajibu.

"Basi tuchimbe wote."

Nungunungu akacheka. "Mwenye kucha ni wewe. Kwako huo mchezo, si kazi."

Mhanga akakasirika. Alijua ni kazi ya asubuhi moja. Lakini kila siku Mhanga, kila siku Mhanga! "Mimi si punda wenu," akasema. Akajikung'uta vumbi, akaenda zake. Mzee Ngiri aliliona pengo, akalipita. Hakutaka ugomvi.

Mawingu yakaja. Mhanga alimwacha Kijino amelala shimoni, akapanda kulitazama tuta lake. Paa! Paa! Kisha mwaaa! Mvua hiyo. Tuta likashika, Mhanga akafurahi. Mara akaona maji yanatambaa kando ya matuta, yanatafuta mlango. Tuta la Pimbi likayasukuma huku. Tuta la Nungunungu likayasukuma huku. Maji ya mlima mzima yakakutana njiani.

Guuu!

"Kijino! Kijino!"

Mhanga alikimbia, akaanguka, akakimbia. Alipofika hakuona mlango, aliona tope. Akachimba, tifu, tifu, tifu. Wenzake wakaja mbio, wakachimba naye, wale wale waliokataa kuchimba. Wakamkuta Kijino amejikunja vile vile alivyoachwa. Tope limemjaa mdomoni. Hakuamka.

"Tusamehe, Mama Kijino," Pimbi akalia.

"Mlikataa," Mhanga akasema. "Nami nilikataa. Maji hayakuuliza nani alianza."

Akambeba mwanawe mpaka penye pengo, akamzika pale. Juu yake akaanza kuinua tuta, peke yake. Kisha Pimbi akaleta udongo. Kisha Nungunungu. Kisha Mzee Ngiri, kichwa chini. Wakaimba kwa sauti ndogo:

"Changu nachimba,
chako nachimba,
cha wote nacho changu."

Wakapanda miti. Mingine ilikufa, mingine ikashika, na mvua mpaka leo hazijaaminika. Lakini tuta la Kijino lipo, na kila apitaye huongeza udongo. Na mawingu yakinguruma, Mhanga huenda kulala juu ya tuta lile, anamkinga mwanawe asilowe.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo. Mlima mliouharibu pamoja, uponyeni pamoja. Kazi ya wote ikikosa wa kuifanya, wa kwanza kulia ni yule aliye chini.

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya tuta. Ukipita, weka udongo.