Alitua Juu ya Nini?

Ndugu zangu, leo nimewaletea inzi kanisani. Chekeni sasa, maana mbele huko hamtacheka.

Kulikuwa na bwana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuwajua inzi wa nchi yake. Mimi na wewe tukimwona inzi tunasema inzi, basi, tunatafuta kandambili. Yeye hapana. Kwake kulikuwa na inzi wa jikoni, inzi wa zizini, inzi wa matunda, inzi wa mtaroni, na koo zao na jamaa zao, kila mmoja na jina lake. Alikuwa ameorodhesha aina mia sita na kitu. Wote walichomwa pini kwenye madroo ya vioo, ndani ya chumba kirefu kinachonuka dawa ya nondo, ambamo hata ukikohoa unajiona umekosa adabu. Chini ya kila inzi palikuwa na kikaratasi chenye mistari mitatu: amepatikana wapi, lini, na alitua juu ya nini. Wageni wakija aliwaonyesha mstari wa tatu kwa kidole. "Usipojua ametua juu ya nini," alisema, "humjui inzi."

Mama yake alikuwa mjane, akiishi peke yake kijijini, mwendo wa saa tisa kwa basi, katika bonde lisiloshika mtandao. Kusoma hakujua. Siku moja mwanawe alipomtembelea akamwambia, "Mama, nikamatie inzi wa hapa kwetu. Watie kwenye viberiti vitupu, umpe kondakta aniletee. Na kwa kuwa huandiki, kata kipande cha kitu alichotulia, ukitie humo humo. Mimi nitaelewa."

"Nikitia ganda la ndizi?"

"Nitajua alikuwa kwenye ndizi."

"Kumbe na mimi nitakuwa nakuandikia barua!" Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

"Na ukinipatia ambaye hayumo kwenye orodha, nitampa jina lako."

"Mimi niitwe inzi? Haya, mwanangu."

Viberiti vikaanza kuja kila wiki. Ganda la ndizi. Unyasi wenye samadi. Jani la mgomba. Bwana yule akafungua, akachoma pini, akaandika. Mwaka ukapita na nusu nyingine, hakukanyaga kwao, na wala hakuona vibaya. Si wanaandikiana?

Masika yakaingia. Kiberiti kimoja kikaja na inzi wa kawaida wa jikoni, na kipande cha kanga. Akaandika: kitambaa. Wiki iliyofuata walikuja wawili, wa kijani kinachong'aa, na kipande cha kanga ile ile chenye doa la kahawia. Akaandika: kitambaa chenye doa. Hakuna uongo hapo. Ndivyo kilivyokuwa.

Kiberiti cha tatu kilinuka kabla hakijafunguliwa. Kipande cha kanga kilikuwa kimekauka kikawa kigumu. Juu yake alikuwa amelala inzi mmoja, buluu iliyokaribia kuwa nyeusi, uso wa njano. Yule bwana akafungua droo baada ya droo, asubuhi nzima. Hayumo. Moyo ukamruka kwa furaha. Akamwita mwenzake, mzee aliyekuwa akifanya kazi meza ya jirani.

"Njoo umwone mama yangu!" alisema kwa utani, akimnyanyua inzi kwa pini.

Mzee akainama, akamtazama kwa kioo cha kukuzia. Akatazama muda mrefu. "Sijamwona huyu," akasema, "lakini ukoo wake naujua, na wewe unaujua. Alitua juu ya nini?"

"Kitambaa."

"Hawa hawafuati kitambaa, bwana. Kitambaa kilikuwa kimefunga nini?"

Hapo hapo mkono wa yule bwana ukasimama. Akakigeuza kile kipande, akaona mchoro wa korosho pembeni. Ilikuwa kanga aliyomnunulia mama yake yeye mwenyewe. Na ukoo ule, ndugu zangu, aliujua kuliko mtu yeyote katika nchi ile. Ni wale wanaofuata nyama iliyooza.

Alfajiri alikuwa ndani ya basi. Jua la alasiri likamkuta anashuka njia ya kwao. Uani hapakuwa na kuku. Jikoni majivu yalikuwa ya siku nyingi. Akapiga hodi, hakuitikiwa, lakini nyumba haikuwa kimya: ilikuwa inavuma. Akasimama mlangoni, na Mungu amsamehe, kwa mvumo ule tu akawatambua inzi, akawataja majina mmoja mmoja moyoni. Akajua amemfuata marehemu.

Akasukuma mlango. Mama alikuwa ameketi kitandani, mguu ameunyoosha, umefungwa kanga kuanzia goti hadi kwenye vidole. Kanga ilikuwa nyeusi, nayo ilikuwa inatembea. Macho yake yalikuwa wazi. Mkononi alishika kiberiti kitupu, na mkono wa pili ulikuwa unashuka taratibu kuelekea mguuni.

"Usisogee kwanza," akanong'ona. "Nimemwona mwingine kama yule."

"Mama!"

"Umekuja." Akakilaza kiberiti. "Jembe lilinikata mguu, siku ya palizi. Majirani walitaka kunibeba hospitali, nikawakatalia. Nikawaambia mwanangu nimeshamwandikia, anakuja." Akamtazama usoni, bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma mwanawe. "Wiki tatu, mwanangu. Nikadhani umesoma, ukaona si kitu."

Mama alifariki hospitalini siku ya nne.

Yule inzi yumo kwenye droo mpaka leo, na ana jina la mama, kama alivyoahidiwa. Kikaratasi kina wapi, kina lini. Mstari wa tatu ulimchukua mwaka mzima kuuandika. Alitua juu ya: mama yangu.

Sasa sisi. Nani kati yetu si mtaalamu? Huyu mlevi, yule mkimya, huyu mtoto jeuri, yule dada siku hizi haji kwaya kwa sababu ana maringo. Tumewapanga wote, tumewachoma pini. Mkeo ameacha kugombana nawe, unasema ametulia. Baba amekuuliza mara tatu Krismasi utakuja lini, unasema uzee. Umeandika: kitambaa. Hakuna uongo hapo! Lakini kitambaa kimefunga nini, ndugu yangu?

Na tusijifiche kwamba hatukuambiwa. Mama yule aliandika. Aliandika kwa lugha tuliyomfundisha wenyewe, tukaipokea barua yake kwa mikono miwili, tukaisifu, tukaiweka kwenye kioo.

Ukitoka hapa usije kunishika mkono mlangoni uniambie mahubiri yamekugusa. Mvumo umeshaanza katika nyumba fulani, nawe unaijua. Nenda hapo kwanza. Mimi nitashikwa mkono Jumapili ijayo.