Ng'ombe wa Picha

Handeni palikuwa na tajiri mmoja, Shekuonde, aliyependa kusifiwa kuliko alivyopenda kutoa. Siku moja alimpeleka ng'ombe wa maziwa kwa Bi Tausi, mjane aliyelea wajukuu wanne, akapiga naye picha mbele ya ng'ombe, kisha akamnong'oneza:

"Alale hapa majirani wamwone. Kesho asubuhi namfuata. Kazi yako ni kuisambaza hii picha. Wafuasi wangu wote nimewaomba waisambaze, na wewe usibaki nyuma."

"Hata kwenye kundi letu la kikoba?"

"Kote! La kikoba, la msikitini, la shule."

"Wengine watabisha, tajiri. Watasema picha ya kutengeneza."

Shekuonde akapandisha hasira. "Anayebisha aje ajionee! Andika hivyo hivyo."

"Haya, naandika hivyo hivyo," alisema Bi Tausi kwa upole.

Asubuhi Shekuonde alirudi na kamba mkononi. Uani alikuta watu wamejaa: imamu, mwalimu mkuu, akina mama wa kikoba, na simu zote zimeinuliwa. Bi Tausi akapiga kigelegele.

"Huyu hapa ndiye aliyenipa! Tajiri, na hiyo kamba je?"

Shekuonde akazitazama simu, moja baada ya nyingine.

"Nime... nimekuletea kamba ya ng'ombe wako."

Bi Tausi akaipokea kwa mikono miwili.

"Hebu tabasamu, tajiri. Na hii tunaisambaza."