Jinamizi la Mwadhini Dhakwani

Imesimuliwa na waliotutangulia, nasi twaifikisha kama ilivyotufikia, kwamba katika mji mmoja wa mitende alikuwapo mwadhini jina lake Dhakwani, mtu wa ibada nyingi na usingizi mchache. Taa yake iliwaka dirishani usiku kucha, na watu wa mji ule walikuwa hodari wa kutazama madirisha ya wenzao kuliko kutazama sala zao. Wakamsifu mno.

Ikamfika mtihani. Kila alfajiri ikikaribia, macho humfumbuka lakini mkono hauinuki, ulimi hausogei, na kifuani ameketi kitu kizito kama gunia la ngano. Hata adhana ikaanza kumpita.

Watu wakaeleza, maana watu hawashindwi kueleza. Huyu alisema ni hasidi, yule akasema ni dhambi ya siri. Kaka yake, Abu Nadhar, alisema ni jini aliyeingia na mke, Bi Raihana, kwa kuwa alitoka ukoo wa mbali na hakumzalia mumewe. Baada ya sala ya alasiri akaja na mashahidi wawili wa talaka, akamwambia Dhakwani:

"Mwache, ndugu yangu, jini amfuate mwenyewe."

Bi Raihana alikuwa akipepeta ngano. Hakuinuka, miguu ilikuwa imemvimba kwa uchovu.

"Shemeji, jini huyo namjua," alisema. "Alinikalia nilipomuuguza mama yenu. Macho yameamka, mwili bado umelala. Mama alipofariki nikapata usingizi, na jini hakurudi tena."

"Subhanallah! Mbona hukusema tukusomee?"

"Nani angefua nguo za mgonjwa wakati mnanisomea? Wewe ulikuwa unamjulia hali mlangoni tu."

Shahidi mmoja akakohoa kuficha kicheko. Abu Nadhar akawaka. "Wewe ulikeshea mgonjwa. Huyu anamkeshea Mola wake! Ibada itamdhuruje mja? Haya, muulize mumeo."

Wote wakamgeukia Dhakwani. Akitamka talaka, sifa zake zinabaki. Akisema kweli, anabaki na mke na aibu. Aliitazama taa yake dirishani mpaka Bi Raihana akaacha kupepeta.

"Si kwa Mola," akasema mwishowe. "Sala zangu huisha mapema. Baada ya hapo nakaa tu dirishani napigana na usingizi, ili apitaye aone taa. Nimechoka, kaka. Nimechoka kwa miaka. Raihana simwachi."

Abu Nadhar akatoka bila kuaga. Kabla ya magharibi mji mzima ulijua, na waliokuwa wakimbusu mkono wakaanza kumsalimu kwa mbali.

"Nisamehe, mke wangu," Dhakwani akasema.

"Umefikiri muda mrefu mno. Hilo tutalizungumza. Leo ukishasali isha ulale, nami nilale, maana mafuta ya taa hiyo nani amekuwa akiamka kuyajaza?"

Akalala. Jinamizi likarudi mara chache, kisha nalo likachoka.

Enyi waumini, majini wapo, Kitabu kimesema, wala sibishani. Lakini mtu asipoelewa jambo hulitafutia mkosaji, na wa kwanza kuonekana ni mwanamke aliye karibu. Kabla hamjamshtaki jini, muulizeni mwenye kukaliwa amelala lini, na alikuwa anamkeshea nani. Mola atupokelee kichache cha kweli, na kila aliyechoka amjaalie usingizi.