Mgeni Aliyenyamazisha Ngoma

Kaeni kitako, wari wangu. Na wewe Mwamvita, fumba mdomo kabla nzi hawajahamia.

Zamani hizo, mawe yangali mabichi, palikuwa na mji wenye walinzi wakali. Mwizi akiingia, hupiga ngoma. Wakishamkamata, huiimba sura yake, pua yake, kovu lake, hata vijana waijue. Akirudi, hafiki mbali. Lakini walikuwa na desturi nyingine: aliyekuja na bwana harusi haulizwi kitu langoni.

Basi siku ya harusi akaingia mmoja nyuma ya bwana harusi, jina lake Mpole. Akajikalia ubavuni kwa Akida, mkubwa wa walinzi, akamnong'oneza, "Pumzika, Akida. Nyimbo za nini? Mimi mtu wa nyumbani." Akida akapumzika. Ngoma kimya. Wimbo kimya.

Bi Sikudhani, mtunza ghala la mbegu, akaona vikapu vinapungua, vinapungua. Mbegu zikiisha, mji ndio umekwisha. Akamwendea Akida.

"Tunaibiwa."

"Umesikia ngoma?"

"Ngoma umeikalia wewe, baba. Itasikikaje?"

"Hakuna moshi, hakuna kelele. Kalale, Bibi."

"Nikilala, mwakani tutakula nini, usingizi?"

Mnacheka. Yeye hakucheka. Akapeleka habari kilimani kwa watu wa mikuki. Walipofika akawaambia, "Gawanyikeni. Nusu hapa, nusu mjini kwa bwana harusi, siku hiyohiyo. Tukimfukuza Mpole huku tu, atajificha kule, arudi tena na mkwe wetu."

Wazee wakaguna. "Kwa mkwe? Ni aibu hiyo."

"Aibu haipandwi ikaota," akasema Sikudhani.

Wakasaka miji yote miwili, Mpole akatoka mbio hana pa kurudi. Ghalani vilibaki vikapu vichache. Vikapandwa. Mvua ikaja, mtama ukasimama.

Ila sura ya Mpole walinzi hawaijui hata leo, kwa kuwa hawakuiimba. Ndiyo maana langoni pale sasa kila mtu huulizwa, hata bwana harusi mwenyewe.

Mji ule ni mwili wako, mwari. Mpole ni kisonono, ghala la mbegu ni kizazi chako, na watu wa mikuki ni wale wa hospitali. Kutoumwa si uzima. Kapimwe, na mwenzio apimwe. Dawa mtumie wawili, muimalize. Na mkipona, msijidai mmekingwa.

Kisa nimekitua chini. Mwenye kichwa ajitwike.