Gari la Sultani Lisilozeeka

Hapo zamani, magari yalipokuwa bado yakihesabika kwa vidole na punda walikuwa bado wakiyakimbia njiani, palikuwa na Sultani mmoja katika nchi ya Mrimani, jina lake Sultani Mundhiri, naye alikuwa na gari la mbio. Lilikuwa jekundu, lina viti viwili tu na boneti ndefu, na likinguruma madirisha ya mji mzima hutetemeka. Alikuwa ameliagiza ng'ambo mwaka ule aliokalia kiti cha enzi, angali kijana, na tangu siku hiyo hakumruhusu mtu mwingine kushika usukani wake. Kila alasiri hulitoa uani, akapita nalo barabara kuu mpaka ngomeni na kurudi, na watu wakajibana ukutani kumpisha.

Miaka ikapita. Sultani akaota mvi, akazipaka piko. Macho yakapungua nuru, akatengenezewa miwani, akaificha mfukoni asionekane nayo mbele za watu. Gari nalo likaanza kukohoa kila lipandapo mlima, na Sultani akasema, "Mafuta ya siku hizi hayana nguvu," wala hakutokea wa kumbishia.

Ikawa siku moja akapata habari kwamba huko ng'ambo limetoka gari lingine, lenye mbio kuliko yote yaliyotangulia. Moyo ukamruka. Akaazimia kuliuza lile la kwanza, basi akawaita matajiri wa mji barazani, wakanyweshwa kahawa, kisha akawaambia, "Nauza gari langu. Bei ni ile ile niliyolinunulia. Nani kati yenu mwenye bahati?"

Matajiri wakatazama vikombe vyao. Mmoja akasema anaumwa mgongo, hawezi kukaa chini namna ile. Mwingine akasema yeye ana wake wawili na gari lina nafasi ya mke mmoja, akilipeleka nyumbani hatalala. Akabaki Bwana Suwedi, mwuza vitambaa, mtu mwaminifu asiyejua kuzungusha maneno.

"Maulana," akasema, "gari ni zuri, lakini limekula miaka, na limetembea sana. Bei ya jipya hailifai. Nipe kwa nusu, nami nitakushukuru."

Sultani akainuka kitini, uso umemwiva. "Limezeeka? Gari langu limezeeka? Nililinunua mwaka niliotawazwa! Ikiwa gari limezeeka, mimi nami nimekuwa nini?"

Sultani akamwita mpiga mbiu, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka uani, "Tangaza! Kuanzia leo, atakayesema kwamba gari hili limezeeka, au limetembea sana, au halistahili bei ya jipya, atatoka katika mji huu kabla jua halijatua, awe nani awe nani. Na wa kwanza ni Suwedi."

Basi Bwana Suwedi akafunga duka lake, akapakia watoto na majora yake ya vitambaa kwenye mkokoteni wa punda, akatoka kwa lango la kaskazini huku mkewe akilia kwa sauti. Watu wakamtazama vibarazani, wala hawakuthubutu hata kumuaga.

Sasa, nyuma ya nguzo ya baraza ile alikuwa amekaa mtu mmoja jina lake Vuai. Vuai hakuwa na shamba wala duka, na kanzu yake ilikuwa na viraka vingi kuliko kitambaa chenyewe. Lakini kila palipotolewa kahawa ya bure hakosi. Wengi walimwita mpumbavu, naye hakuwakatalia, kwa kuwa mpumbavu haombwi mkopo. Alipoona matajiri wanaondoka wakinyatia, kila mmoja amejishika mgongo kwa maradhi ya ghafla, kicheko kikamtoka kabla hajakizuia.

"Nani anacheka?" akauliza Sultani.

"Ni mimi, Maulana. Vuai."

"Unacheka nini?"

"Nacheka, Maulana, kwa kuwa nimeona watu wengi wakiumwa, lakini sijaona mji mzima ukiugua mgongo kwa sababu ya gari ambalo haujalipanda."

Sultani akamkazia macho. "Vema. Kwa kuwa wewe mgongo wako ni mzima, utaniuzia wewe. Utaliuza kwa bei ya jipya. Usiseme uongo hata mmoja, maana mali ya Sultani haiuzwi kwa uongo. Wala usimtajie mnunuzi umri wa gari, wala mwendo wake. Usipoleta mnunuzi kabla mwezi haujaandama, wewe na mkeo mtamfuata Suwedi."

"Nimesikia, Maulana," akasema Vuai, akainama.

Alipofika nyumbani akamweleza mkewe, Mize, aliyekuwa akichambua mchele. Mize akaweka ungo chini. "Asiseme kweli, asiseme uongo! Ataliuza kwa kupiga miluzi? Bwana wewe, ulimi wako utatutoa ndani ya nyumba ambayo hata kodi yake hatujamaliza."

"Najua, mke wangu."

"Kahawa ya bure ile!" akasema Mize, akainua tena ungo, akaendelea kuchambua.

Kesho yake Vuai akapewa gari, pamoja na Maftaha, fundi wa jumba la Sultani, awe mwendeshaji, kwa kuwa Vuai hakujua hata mlango wake unafungukia wapi. Wakalipeleka mji wa jirani penye wafanyabiashara wengi. Watu wakalizunguka, na tajiri mmoja mwenye tumbo la heshima akajitokeza, akauliza bei. Alipotajiwa, akashika kifua.

"Hiyo ni bei ya jipya. Kwani lina miaka mingapi?"

"Hilo nimekatazwa kulisema," akajibu Vuai.

"Limetembea kiasi gani?"

"Hilo nalo nimekatazwa."

"Basi umeruhusiwa kusema nini?"

Vuai akafikiri sana. "Honi yake inalia vizuri."

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Ikawa hivyo kila walipokwenda: mnunuzi huuliza yale mawili kabla ya jambo lolote, Vuai hujibu kwamba amekatazwa, na mnunuzi huondoka. Mwezi ukazidi kupungua, na Vuai akaanza kuota mikokoteni ya punda usingizini. Hatimaye yule tajiri mwenye tumbo, alipomwona anapita tena, akamhurumia, akamwambia, "Ndugu yangu, usijichoshe. Duniani hakuna mtu wa kulinunua gari hili kwa bei hiyo, isipokuwa labda huyo huyo aliyekutuma."

Alikuwa anafanya mzaha, lakini Vuai akasimama katikati ya njia kama aliyeitwa jina. Kisha akamgeukia Maftaha, akamwuliza, "Sultani huliangalia gari lake akiwa amevaa miwani?"

"Hathubutu!" akasema Maftaha. "Mwaka wa ngapi huu hajaliona sawasawa. Analijua kwa wekundu wake tu."

Basi wakarudi Mrimani kwa njia ya nyuma, wakaliingiza gari katika ua wa binamu yake Mize, aliyekuwa fundi wa kupaka rangi milango ya nyumba. Huko wakalipaka kijani, wakalibadilishia vitambaa vya viti, na Vuai akaenda kusimama mbele ya Sultani.

"Maulana, nimekuja na habari ya gari la mbio. Liko nje. Mwenyewe anasema halijazeeka kabisa, na anataka bei ya jipya."

"Na langu? Limeuzwa?"

"Nisamehe, Maulana. Mnunuzi anayenifaa ni mmoja tu, naye ataka kwanza kulitazama hili la nje."

Sultani hakulielewa neno hili vizuri, lakini habari ya gari ilikwisha kumpanda kichwani. Akatoka uani, wakuu wakimfuata, na kwa kuwa alikuwa ananunua, wala hakuwa anauza, akatia mkono mfukoni akaivaa miwani yake bila kuona haya. Mtu anayetoa fedha yake hufungua macho.

Akalizunguka gari. Akagusa tairi. "Hii mipira imepasuka pembeni kwa jua. Hata lingekuwa limelala bandani, mpira huu umekauka kwa miaka." Akaingia ndani, akapitisha kiganja kwenye usukani. "Umelainika. Mkono wa mtu umeusugua huu kwa muda mrefu sana." Akakanyaga klachi, akatikisa kichwa. Akaagiza injini iwashwe, nayo ikakohoa, ikatoa moshi wa bluu.

"Umesikia, Maftaha?" akasema Sultani kwa dharau. "Langu halikohoi hivi."

Maftaha akatazama viatu vyake.

Kisha Sultani akainamia saa ya maili, akaisoma, akapiga mluzi. "Limetembea kuzunguka nchi yetu mara ngapi hili?"

Vuai akauliza kwa upole, "Maulana, mimi ni mjinga wa mambo haya. Kwani maili zikiwa nyingi zinapunguza nini? Rangi inang'aa, na honi inalia vizuri."

"Ndiyo maana unaitwa mpumbavu," akasema Sultani, akapata raha ya kufundisha. "Mtu anunuaye gari la mbio hanunui kiti cha kukalia. Ananunua mbio, na mbio ndizo huisha kwanza. Kila maili hula kidogo katika injini, na miaka hula hata yale ambayo maili hazikugusa. Gari hili limezeeka, limetembea sana, wala halistahili bei ya jipya. Nusu, nalo kwa huruma! Na huyo mwenyewe anayesema halijazeeka ni mwongo mkubwa au kipofu. Ni nani?"

Vuai alijua kwamba hapa ndipo maneno hayarudi tena tumboni. Akatoa kisu kidogo, akaenda kwenye mlango wa gari, akakwangua rangi. Chini ya kijani pakatokea wekundu.

"Maulana," akasema, "mwenyewe si mwongo. Alikuwa hajavaa miwani tu."

Sultani akautazama ule mkwaruzo. Akautazama usukani aliousugua mwenyewe tangu ujana wake. Walinzi wakaweka mikono kwenye panga wakingoja neno, na mkuu mmoja akafumba macho. Sultani akakaa tena katika kile kiti, polepole, akashika usukani kwa mikono miwili, kama anayemshika mtu wa zamani aliyempotea machoni.

"Mikono yangu hii," akasema kwa sauti ndogo. Na baadaye kidogo, "Kweli limezeeka, Vuai."

"Umelisema mara ya pili, Maulana. Na mbiu ilisema awe nani awe nani."

Kwanza Sultani hakuelewa. Alipoelewa, mabega yakaanza kumtikisika, kisha kicheko kikampasuka, akacheka mpaka miwani ikamdondokea magotini, na wakuu nao, walipoona kuna usalama, wakacheka kuliko yeye.

"Nimejifukuza!" akasema huku akifuta machozi. "Jua linatua lini?"

"Muda upo, Maulana. Mbiu ilisema mtu atoke. Haikusema asirudi."

"Basi panda, mpumbavu wewe. Sitafukuzwa peke yangu."

Wakatoka wawili hao kwa lango la kaskazini, gari likikohoa, na watu wakijibana ukutani wasijue wacheke au wasujudu. Mlimani likazimika. Sultani wa Mrimani akashuka, akakunja mikono ya joho lake, akalisukuma yeye na Vuai, nao wakihema na kulaumiana nani hasukumi, mpaka wakafika kwenye kijiji ambako Bwana Suwedi alikuwa amepanga vitambaa vyake chini ya paa la makuti.

Suwedi alipomwona Sultani amelowa jasho akaanguka magotini. Sultani akamwinua mwenyewe.

"Suwedi, ulisema kweli nami nikakutoa nyumbani kwako. Nimekosa. Rudi leo hii, na duka lako halitalipa ushuru maisha yako yote. Na gari, kama bado unalitaka, lichukue kwa ile nusu uliyoitaja."

Suwedi akamshukuru Mungu, akamshukuru na Sultani. Kisha, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa, akalizunguka gari, akaona vumbi la kusukumwa, akaona ule mkwaruzo mlangoni. Vuai akamkonyeza anyamaze, mara mbili, lakini wapi.

"Maulana," akasema Suwedi, "ile ilikuwa bei ya mwezi uliopita. Tangu hapo limeongeza mwezi, limeongeza mwendo, na kuna mtu amelipaka rangi ya milango ya nyumba."

Vuai akashika kichwa. Sultani akamtazama Suwedi, akamtazama Vuai, akalitazama gari lake la kijani. Akavaa miwani, akaisoma tena saa ya maili.

"Sema bei yako," akasema.

Suwedi akaitaja, na Sultani akaipokea. Siku ile ile akampa Vuai nyumba yenye dari nzima, karibu na jumba lake, na kumwagiza aje kila baraza, kahawa iwepo isiwepo, amwambie lile ambalo wengine wanaumwa mgongo kulisema. Kisha, kwa kuwa gari lilikuwa limegoma, wakarudi mjini wote juu ya mkokoteni wa punda wa Suwedi, watoto wakiwa wamemkalia Sultani mapajani, na kila waliyepishana naye akamwuliza Sultani hali yake, naye akamjibu kwa jina lake, maana sasa alikuwa akiwaona.