Mikoba ya Tausi

Habari za mkoba liulize bega.

Nimeusema msemo huo nikidhani hamnisikii, na kumbe mmeacha simu mnanitazama. Basi itabidi nieleze. Nargis anataka kuuza herini, zile nilizomvisha mimi mwenyewe alipomaliza shule, apate kununua mkoba kama huo wa Batuli. Tangu asubuhi anamtazama dada mmoja kwenye simu akiusifu. Akamwuliza Batuli, na Batuli akamjibu, "Mzuri mno, hauna kasoro."

Hauna kasoro. Maneno hayo niliyasikia zamani, na yamenichosha. Mnadhani ni magoti yanayonichosha mimi siku hizi? Magoti nimeyazoea. Sifa ndizo zinazonichosha, wajukuu zangu. Kila kitu kinasifiwa, na kila mtu anasifu. Haya, kaeni vizuri. Batuli, weka huo mkoba chini, humu ndani hamna wa kuuchukua. Mkiutaka mwanzo wa msemo huu, mwanzo wake naujua, maana nilikuwapo.

Pale Makorora, Tanga, mtaani kwetu, kulikuwa na desturi ya kuonyesha kipya. Mwanamke akinunua kitu, iwe kanga, viatu au sufuria, hakitumii mpaka alasiri moja akipitishe kwa majirani. Kitashikwa, kitageuzwa chini juu, na kila mmoja atasema, "Hongera, kikufae." Ni hilo tu. Ukiongeza kuwa mshono umekwenda upande, au kwamba rangi ile itachuja, umekwisha. Utaambiwa una kijicho. Na mtaani kwetu ilikuwa afadhali uitwe mwizi, kwa sababu mwizi alialikwa harusini ili wamwone alipo, lakini mwenye kijicho hakualikwa kabisa.

Mama yangu, Siwatu binti Mbwana, alikuwa mjane na fundi wa kushona. Cherehani yake ya miguu, aliyoachiwa na baba, ilikaa barazani upande wa kivuli. Nusu ya watoto wa mtaa walikwenda shule na sare alizoshona yeye. Mtoto akipita suruali imemkaa sawasawa kiunoni, mama alinyoosha mkasi na kusema, "Yangu ile." Ugali wetu na daftari zetu vilitoka kwenye cherehani hiyo. Usiku nililala nikiisikia inakwenda, na asubuhi niliamka nikiisikia inakwenda.

Wakati huo miaka ya maduka matupu ilikuwa inaanza kupita. Mama mmoja mfanyabiashara, Khola, akawa anakwenda Uarabuni na kurudi na marobota. Safari moja akaja na mikoba. Jamani, mikoba! Mikubwa, ngozi nyeusi inayong'aa hata ukajiona uso, kifungo cha shaba chenye sura ya tausi aliyetandaza mkia. Mahali pa kamba palikuwa na mnyororo wa shaba. Tukaiita Tausi.

Wa kwanza kuununua alikuwa Bi Mwajabu, shoga yake mama tangu wakiwa wasichana wadogo. Akauzungusha nyumba kwa nyumba. Ulishikwa, ukageuzwa, ukanuswa. "Hongera, kikufae." Wiki ile ile jirani wa pili akanunua, kisha wa tatu, kisha ikawa huwezi kuingia kwenye shughuli bila kukutana na tausi ukutani, tausi mkekani, tausi mlangoni.

Sasa niwaambie ukweli wa mkoba ule, ambao wakati huo hakuna aliyeusema. Ulikuwa mzito hata ukiwa mtupu. Kifungo kilikwama; nimemwona mwanamke mzima amechuchumaa mbele ya muuza samaki, anamvuta tausi mkia kwa meno, na samaki ameshafungwa kwenye gazeti anasubiri. Ngozi ilitoa weusi ukitokwa na jasho, na gauni jeupe likarudi nyumbani limepakwa masizi. Hayo yote yangevumilika. Kilichokuwa hakivumiliki ni mnyororo. Uliuma bega. Ukitembea nao hadi sokoni na kurudi, ulikuwa umekuandika.

Lakini sikilizeni ujinga ulivyokuwa. Kila mmoja alidhani bega bovu ni lake peke yake. Aliwasikia wenzake wanausifu, akajiambia, basi mimi ndiye nisiyejua kubeba vitu vya watu wenye navyo. Akanyamaza, akausifu kwa sauti kubwa zaidi. Wakawa wanaijaza mikoba ile magazeti yaliyofinyangwa ili isimame vizuri, na vitu vyao vya kweli wanavitia kwenye vikapu vya ukindu. Mwanamke anatembea na mizigo miwili, mmoja wa kutazamwa na mmoja wa kutumia. Nikiwakumbuka nachoka kwa niaba yao.

Ndipo posa yangu ikaja. Tarehe ya harusi ikapangwa, na maneno yakaanza. Ati mama wa bibi harusi atasimama mlangoni kupokea wageni na kikapu? Watu wa upande wa mume watasema nini? Mama hakuwa mtu wa makuu, lakini alikuwa mjane, na mjane husemwa hata kwa asichokifanya. Hakutaka nisemwe siku ile moja.

Akanichukua tukaenda kwa Bi Mwajabu. Tuliwakuta majirani wawili wanakunywa chai. Mama hakuzunguka.

"Shoga," akasema, "mkoba ule unao, na mimi ninaukusudia. Nitauza kitu kikubwa ili niupate. Nimekuja kukuuliza wewe, kwa sababu ni wewe. Vipi?"

Bi Mwajabu akanywa chai kidogo. Akawatazama wale wawili. Nao kila mmoja alikuwa na wake.

"Mzuri, shoga yangu," akasema. "Hauna kasoro."

"Kweli?"

"Ungekuwa mbaya ningeubeba?"

Wale wawili wakaitikia, "Ati aubebe!" Wakacheka. Mama naye akacheka, akashukuru, tukarudi nyumbani.

Keshoye alikuja mnunuzi, fundi wa Muheza, na mkokoteni wa kuifikisha stendi. Mama mwenyewe alimsaidia kuipandisha cherehani, akaifunga kamba, akaifuta vumbi kwa upindo wa kanga kana kwamba inakwenda kupigwa picha. Aliniambia atanunua nyingine polepole, baada ya harusi. Barazani kukabaki alama nne za miguu ya cherehani kwenye saruji. Nilizipiga deki mara nyingi, hazikutoka.

Ikafika siku ya singo, ya kunisugua ngozi kabla ya harusi. Nyinyi wa siku hizi mnapelekwa saluni. Sisi tulisingwa nyumbani kwa liwa na manjano, na wanawake wote walivaa kanga iliyofungwa kifuani, mabega wazi, kwa sababu manjano yakishika nguo hayaachii. Mimi nimeketi juu ya mkeka. Somo wangu, yaani kungwi, alikuwa Bi Zena, bibi mkavu, mkali, aliyechoka na dunia mapema kuliko mimi. Mikoba imetundikwa kwenye misumari ukutani, tausi wamepangana. Na tausi mpya wa mama yuko katikati.

Joto lilikuwa la kuoka mkate. Lakini Bi Zena akatazama chumba akakunja uso. Wanawake walikuwa wamejitupia kanga ya pili begani. Huyu begani, yule begani, wote.

"Mwajabu," akasema, "una homa?"

"Sina, somo."

"Mbona umejifunika kama mzazi wa juzi?"

"Basi tu."

Bi Zena hakuwa mtu wa basi tu. Alinyoosha mkono akaivuta ile kanga. Begani kwa Bi Mwajabu palikuwa na mstari mweusi uliopita kutoka shingoni hadi kwenye mkono, alama za pete ndogo zimefuatana, nyingine zimepona, nyingine bado zinang'aa.

"Nani amekupiga?"

 Bi Mwajabu aliinua macho akatazama ukutani.

"Tausi," akasema.

Bi Zena akageuka. "Na wewe? Hebu. Na wewe kule?" Kanga zikashuka moja moja. Kila bega lilikuwa na mnyororo wake. Mmoja akapiga makofi akasema, "Kumbe na wewe! Mimi nilidhani langu tu!" Hapo wakaangua kicheko. Walicheka mpaka wakashikana, wakaonyeshana mabega, wakalinganisha la nani limeumia zaidi. Kicheko cha watu waliobeba jambo muda mrefu na sasa wamelitua. Hata mimi nilicheka, na mwari hatakiwi kucheka.

Mama hakucheka. Alikuwa amepiga magoti pembeni anachanganya liwa. Akasimama, mikono imejaa mpaka kwenye viwiko.

"Mwajabu. Nilikuuliza."

Kicheko kikakatika.

"Uliniuliza, shoga."

"Siku ile bega lako lilikuwa hivyo?"

"Siku ile lilikuwa bichi."

"Ukaniambia hauna kasoro."

"Ningesemaje, Siwatu?" Bi Mwajabu akasema. "Mimi ninao, wewe huna. Ningekwambia mbaya, watu wangesema Mwajabu ana kijicho, hataki mwenzake naye apate. Na wawili walikuwa wamekaa pale wananitazama mdomo. Niliogopa."

"Mimi sikwenda kumwuliza mwenye mkoba," mama akasema. "Nilikwenda kumwuliza shoga yangu."

Hakupaza sauti. Laiti angepaza. Alisema tu, "Cherehani yangu iko Muheza," kisha akapiga magoti tena akaendelea kuchanganya liwa, kwa sababu mimi nilikuwa nasubiri na shughuli ilikuwa haijaisha.

Bi Zena ndiye aliyesema. Aliketi kwanza, maana miguu ilikuwa inamuuma. "Midomo yote hii," akasema, "mtaa mzima wa midomo, na hakuna hata mmoja uliofaa. Tangu leo msinisumbue na midomo. Mtu akitaka habari za mkoba, aliulize bega."

Hivyo ndivyo ulivyoanza, na ukatoka chumbani mle ukaenda masokoni.

Bi Mwajabu alikwenda Muheza siku ya tatu baada ya harusi yangu. Yule fundi alikuwa ameshaiuza cherehani kwa mtu wa Handeni. Akaenda Handeni. Mtu wa Handeni alikuwa amehama, na waliobaki hawakujua alikohamia. Akarudi na vumbi hadi kwenye kope, akapita mlangoni kwetu, hakuingia.

Mama alishona kwa mkono maisha yake yote yaliyobaki. Ile nyingine ya kununua polepole haikuja. Mnajua vitu vya polepole. Sare za shule zikahamia kwa mafundi wengine, yeye akabaki na viraka na mapindo. Macho yake yakaanza kukataa tundu la sindano. Basi alasiri moja Bi Mwajabu akaja na kigoda chake, akakaa pale pale penye zile alama nne, akamnyang'anya sindano, akatunga uzi, akampa.  Kesho yake akaja tena. Alikuja hivyo miaka na miaka, na ilipita mvua nzima ya masika kabla sijawasikia wanaongea, nao waliongea habari za bei ya nyuzi. Radhi sikumsikia akiomba hata siku moja. Alitunga uzi.

Na ile desturi ya kuonyesha kipya ilibadilika. Ukiulizwa habari za kitu, unashusha kanga begani kwanza, kisha ndipo unafungua mdomo.

Mtaniuliza kama namlaumu Bi Mwajabu. Zamani nilimlaumu sana. Nilimlaumu mpaka nikachoka, kisha nikamzika, naye yuko karibu na mama. Aliogopa kuitwa jina baya, na mama akalipa. Kijicho tulikiogopa sote, hata mimi.

Sasa Nargis, herini ni zako. Nilikupa, sikukuazima, uza ukitaka. Huyo dada wa kwenye simu mimi simjui. Nimemtazama na wewe, nimeona uso, nimeona kucha, nimeona mkoba umewekwa juu ya meza nzuri. Bega sijaliona.

Lakini Batuli yuko hapa. Batuli, mwanangu, tangu ulipoingia umekuwa ukiuhamisha mkoba huo kutoka kulia kwenda kushoto, na nilipokwambia uuweke chini ulishusha pumzi ukadhani sikusikia. Sikuulizi kitu. Umeshajibu mara moja leo na sitaki ujibu mara ya pili. Shusha tu mtandio, mwenzako aone.

Naam.

Usilie. Hakuna anayekucheka humu, na mwenye kijicho hatukuiti. Nargis, chukua mafuta ya nazi pale dirishani umkande dada yako, polepole, hapo pekundu usipaguse kwanza. Na hizo herini zirudishe masikioni. Habari za mkoba liulize bega.